Nilivyowafuta Wasabato wa Ikonge

Wenzangu wa bweni,

Leo nimeaibika. Nimeaibikia nyumbani, Ikonge, mchana kweupe, nikiwa nimevaa tai. Nawaandikia mapema ili msisikie kwa mtu mwingine.

Mnajua kazi niliyopata Nairobi baada ya chuo: kuandika programu za kompyuta. Moja ni yangu mwenyewe. Inasoma kadi zilizotobolewa, kadi moja kwa kila mkulima kila wiki, zenye kilo za majani ya chai alizoleta kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, kama karani wa kituo alivyoziandika. Kisha inachapa orodha ya wakulima wa kila kituo. Asiyekuwa kwenye orodha, majani yake hayapokelewi.

Mwezi huu tuliletewa toleo jipya la mfumo unaoiendesha kompyuta. Mkubwa wangu akauliza, "Programu yako itaelewana nalo?" Mimi, ambaye hudai ushahidi hata nikiambiwa kumekucha, nikasema tujaribu. Kompyuta yetu ina uwezo wa ajabu: inaweza kujifanya kompyuta kadhaa ambazo hazipo. Nikaunda tatu za namna hiyo ndani yake. Ya kwanza nikaipa toleo la zamani kabisa, ya pili lile tulilolizoea, ya tatu hili jipya. Nikapitisha programu yangu kwenye zote. Zikatoka orodha tatu zinazofanana hadi nukta ya mwisho.

(Kadi za majaribio nilizitoboa mwenyewe. Wakulima hamsini wa kubuni. Likumbukeni hilo.)

Nilifurahi mno, hata nikaomba niilete mwenyewe orodha mpya ya Ikonge. Mama yangu hajawahi kuelewa ninafanya kazi gani. Huwaambia watu kwamba natengeneza redio. Leo angeona.

Ni Jumatatu. Nimefika kituo cha chai saa nane, matope yakiwa yamepanda hadi kwenye mapindo ya suruali yangu pana. Watu wamepanga foleni na vikapu vyao. Mama yangu ni wa tano, kikapu chake kimejaa pomoni. Amechuma tangu alfajiri. Karani wa kituo, Ombati, Mkatoliki mpole mwenye kalamu sikioni, akanyoosha mkono apewe orodha.

"Ngoja," nikamwambia. "Nitasoma mimi."

Kisha nikaichukua ile ya zamani mezani pake, nikaichana vipande vinne mbele ya watu. (Hakuna aliyeniomba.)

"Hii mpya imejaribiwa kwenye kompyuta tatu!" nikatangaza. Sikusema kwamba hazipo.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Nasoma, watu wanaitika. Nikafungua wa pili, na kwa kuwa nilikuwa nimeshakolea, nikasoma kichwa chake kwa sauti ileile ya furaha: "Walioacha kilimo cha chai." Nikasoma na jina la kwanza. Lilikuwa la mzee wa kanisa la Wasabato.

"Niko hapa," akasema mzee. Alikuwa hatua mbili mbele yangu, na kikapu mgongoni.

Jina la pili, kiongozi wa kwaya yao. La tatu, mkewe. Ningenyamaza, lakini nilikuwa kama mtu anayeteleza kwenye mteremko wa Manga siku ya mvua: husimami katikati. Wasabato wote. Wote! Mkatoliki hata mmoja hakuwemo.

"Kumbe kompyuta imebatizwa Roma!" akapaza sauti Nyamweya, jirani yetu Mkatoliki. "Ombati, pima haraka, hawa wameshastaafu!"

Watu wakacheka hadi vikapu vikatikisika. Jina lililofuata sikulisoma. Ombati alilisoma juu ya bega langu, polepole. "Kwamboka. Bwana, hata mama yako ameacha."

Mama hakucheka. "Nimeacha lini?"

"Mama, ni karatasi inayosema..."

"Na haya majani yamechumwa na karatasi?"

Nikamvuta Ombati pembeni. "Jumamosi, Wasabato unawaandikia nini?"

"Siandiki kitu. Naacha wazi."

"Kwa nini usiandike sufuri?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyeshuka kutoka Ulaya. "Sufuri ni ya mtu aliyeshindwa kuleta. Hawa hawakushindwa, ni Sabato yao. Nitamwekeaje mtu sufuri kwa sababu anasali?"

Hapo nikaelewa. Matoleo ya zamani yalisoma nafasi tupu kama sufuri. Hili jipya linaisoma kama mahali pasipo na kitu kabisa. Na programu yangu, ikikuta siku isiyo na kitu, inasema mkulima ameondoka. (Amri hiyo niliiandika mwenyewe. Zamani haikupata nafasi ya kumdhuru mtu.) Wakulima wangu hamsini hawakuwa na siku tupu hata moja. Niliwaumba kwa mfano wangu: hawana dini. Mimi, niliyelelewa katika nyumba ambayo Jumamosi hata kuni hazipasuliwi!

Nikamkimbilia dereva wa lori linalobeba majani. "Pokea tu, hawa wote nawajua."

"Mimi napakia walio kwenye orodha. Ile ya zamani iko wapi?"

Kila mtu akatazama chini, kwenye matope, karibu na viatu vyangu.

Lori likaondoka na majani ya Wakatoliki. Nikaenda posta Nyamira kupiga simu Nairobi. Orodha iliyosahihishwa itafika Alhamisi. Majani ya chai hayangoji Alhamisi. Yakilala kikapuni huwa meusi. Niliporudi nilimkuta mama akiyamwaga yake chini ya migomba. Vidole vyake vilikuwa bado vyeusi kwa utomvu. Nilitaka kumsaidia, nikabaki nimeshika tai.

"Hizo kompyuta zako tatu," akasema, "ziko wapi?"

"Hazipo, mama. Ni za kujifanya."

"Na wakulima uliowatumia kuzijaribu?"

"Hao pia hawapo."

Akakung'uta kikapu. "Basi walielewana."

Jioni hii mzee wa kanisa amepita. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Waumini wamekubaliana kwamba Jumamosi nisimame mbele ya kanisa, ambalo sijalikanyaga tangu mwaka wa kwanza wa chuo, nisome majina yote ya ukurasa wa pili, na kwa kila jina niseme kwa mdomo wangu kwamba yupo. La mama liwe la mwisho.

Nimekubali. Msije.