Dawa ya Kutu ya Mwili

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji haniziki! Nimeapa. Leo nimekwenda kumrudishia ngazi, nikakuta karatasi mezani: hotuba ya mazishi. Yangu! Mimi mzima, naandika hapa. Huyu kaka wa mke wangu ni mwalimu mkuu mstaafu, na ndiye msemaji wa kila msiba wa ukoo. Eti kujiandaa mapema ni nidhamu ya kazi. "Marehemu alikuwa fundi wa kawaida." Wa kawaida! Nilianza na nyundo ya kuazima. Miaka ishirini na sita, mageti 1,140, yaliyoanguka mawili tu. Moja amelitaja. Pembeni ameandika: hapa watu watacheka.

Dawa yake moja: atangulie yeye, niseme mimi. Ana hamsini na tisa, mimi hamsini na mbili. Hesabu iko upande wangu. Ila yeye hupanda ngazi akipiga mluzi. Mimi huhema nikivaa soksi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Duka la dawa wana vidonge vya beta-karotini na vitamini C na E. Muuzaji kaanza kunieleza jinsi oksijeni inavyochakaza mwili na vidonge vinavyozuia. Nikamkatiza. Hiyo si kutu? Nani wa kunifundisha kutu! Chupa inasema kimoja kwa siku. Geti gani hupakwa rangi mkono mmoja? Mikono mitatu! Basi vitatu: asubuhi, mchana, jioni. Mke wangu kauliza kama nitajipiga msasa kwanza.

Jumatatu, 24 Machi
Vidonge sitini na tatu. Viganja vimekuwa rangi ya karoti. Nyayo pia. Mteja kakataa kunipa mkono, eti rangi haijakauka.

Nimerudi dukani, nikamkuta mfamasia mwenyewe, mama wa miwani. Kanisema kama mtoto. Eti kwa mtu asiye na upungufu, tafiti kubwa hazijaonyesha kwamba vidonge hivi vinarefusha maisha. Beta-karotini na E zikizidi, huenda hata zikayafupisha kidogo. Nile matunda na mboga, nitembee. Nikamwambia mwili ni chuma. Akasema chuma hakijitibu, baba, mwili hujitibu. Nikauliza: kufupisha, kwa kiasi gani hasa? Kaniangalia juu ya miwani.

Chupa mbili bado nzima. Kutupa ni dhambi. Wazo likaja lenyewe.

Jumanne, 25 Machi
Nimempelekea shemeji zawadi. Chupa mbili, utepe mwekundu. Si sumu! Mwenyewe nimevila. Vikirefusha, nimetenda wema. Vikifupisha, hiyo ni sayansi. Shemeji kanishika bega, akasema miaka yote hii alidhani simpendi. Machozi yakamlenga. Nikanywa chai yake vikombe viwili, roho kwatu.

Jumapili, 30 Machi
Kikao cha ukoo. Shemeji kakohoa mara tatu, moyo ukanipasuka. Sikutegemea! Nikamvuta kando, nikamsihi aviache vile vidonge. Akacheka: kumbe hajameza hata kimoja. Alimuuliza mfamasia kwanza, kama mtu mwenye akili. Ila zawadi imemgusa, akasema, na ameongeza ukurasa kwenye hotuba. Akasimama kuusoma mbele ya wote! "Marehemu alijali uhai wangu kuliko wake." Shangazi kalia. Mke wangu kalia. Mimi nimelia kuliko wote, nikaomba arudie ukurasa huo tangu juu.

Jumatatu, 31 Machi
Nimeamka na furaha, kisha nikapiga hesabu. Shemeji ana hamsini na tisa! Akitangulia yeye, ukurasa ule atausoma nani? Hapana. Lazima aishi, tena sana. Magoti yake hulia akikaa. Nimerudi dukani wakati mama wa miwani hayupo, nikamnunulia vidonge vya mafuta ya samaki. Chupa inasema kimoja kwa siku. Aliyeandika hivyo hajawahi kutia bawaba grisi.