Baridi Inayopita Juu ya Paa Letu

Kwa Mkwe Wetu, Rubani,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Ndivyo nilivyolelewa, ingawa leo lawama zinasukumana mlangoni. Kwa nje hatujambo. Kwa ndani tunatokota.

Kila Jumatano saa saba mchana ndege yako hupita juu ya bati letu. Mama mkwe wako hutoka uani na mwiko, akapunga mpaka mboga ikaungua, kisha hurudi jikoni kujipepea kwa mfuniko wa sufuria. Nami niliyetengeneza mafriji ya watu miaka arobaini nakaa namtazama mke wangu akiiva. Naona aibu. Kwa hiyo:

1. Binti yetu alituambia huko juu kuna baridi ya nyuzi hamsini chini ya sifuri, ya bure, isiyo na mwenyewe. Unashinda humo, unatua mikono mitupu. Hata mchoma mkaa hurudi kwake na vumbi.

2. Nilikutumia dumu la lita ishirini, safi, lenye kizibo, ulijaze. Lilirudi limebonyea mbavu, dalili kwamba kuna mtu kainyonya baridi yetu njiani. Namshuku msaidizi wako.

3. Basi dumu tuliache. Nimeazima mipira ya maji ya mtaa mzima nikaiunga, imefika mita mia mbili. Elfu tisa na mia nane zilizobaki kufika huko juu uliko ziunge wewe. Teremsha ncha taratibu, uikwepe kamba ya nguo ya jirani; ana maneno yule.

4. Mpira ukiwa mzito, shusha ndege yenyewe. Kiwanja cha shule kiko wazi. Mwalimu mkuu nilipomwomba alicheka, nami nimehesabu kucheka kuwa ndiyo. Fungua milango, sisi tupoe, ninyi mle. Abiria tutawapikia.

5. Hayo yakikushinda, nieleze kwa maandishi mtu anawezaje kufika kila mahali asifike kwa wakwe. Mwaka wa tatu huu.

Wasalimie mkeo, wajukuu, abiria wa mbele na wa nyuma, na msaidizi wako, mwizi ni mwizi lakini salamu ni haki yake.

Kwa heshima na jasho,
Baba mkwe wako, fundi friji mstaafu.

Nilitaka kusahau: kile kiyoyozi ulichotutumia mwaka juzi bado kimo kwenye boksi. Kukifunga ni kazi ya nusu saa. Mama mkwe wako amekifanya kiti, hataki niguse. Anasema nyumba ikishapoa utajiona umemaliza ukwe. Nilimbishia siku mbili, ya tatu nikaketi naye. Mpira achana nao. Bisibisi ninazo. Njoo unishikie ngazi.