Kuhusu Midoli ya Mwanao na Pete Yangu ya Ndoa

Wifi yangu wa moyoni,

Nilichotaka kukueleza kabla simu haijakatika ni hiki. Ulipotuachia mwanao ukaenda mafunzoni, ulimwambia kaka yako: "Kila anachotia mdomoni kiwe safi, na kisipite kwenye kibomba cha karatasi ya chooni. Kinachopita kitamkaba." Maneno mazuri. Tatizo ni kwamba ulimwambia mume wangu, mtu ambaye akipenda hupenda mzima mzima. Ndivyo nilivyonaswa mimi! Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Mikono iliyonishika siku ya harusi sasa inamsugua bata wa mpira kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Bata alipominywa akatoa maji yenye ukungu, mume wangu alisikitika kuliko siku nilipoungua kidole.

2. Dubu ameanikwa kwa masikio kando ya mashuka yetu ya harusi. Majirani wanatazama na kuhesabu kwa vidole miezi tangu harusi. Wifi, ndoa yetu bado inanukia manukato!

3. Amekwisha kupitisha kibombani vifuniko vya chupa, vifungo vya mashati na hereni zangu. Jana ikawa zamu ya pete ya ndoa. "Mpenzi, inapita!" akashangilia, akaiweka juu ya kabati, nisikofika. Mama mshonaji wa jirani akaniuliza, kwa sauti ya msibani, kama nimeachika.

4. Sibusiwi mpaka ninawe uso, kwa kuwa mtoto hupenda kuninyonya shavu. Yaani nami nimehesabiwa kati ya midoli.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, ama umweleze kaka yako kwamba mke haanikwi, ama uje umchukue mwanao kesho. Namtaka mume wangu kabla hajayeyukia kwenye beseni.

Nisalimie wenzako wote wa mafunzoni, na mama akipiga simu mwambie hatujambo, tunang'aa.

Ni mimi, mke wa kaka yako, mwenye kidole kitupu na moyo uliofurika.

N.B. Usije! Sasa hivi tumegundua mshono wa dubu umefumuka, pamba inachungulia. Mimi nashona, kaka yako anavuta kila uzi kuupima, bega kwa bega, na mtoto amelala mapajani mwetu, nusu kwangu nusu kwake. Wifi, sijawahi kuwa na raha hivi. Maliza mafunzo yako taratibu, usiharakishe. Tutamleta umwone kabla mwezi haujaisha, kisha turudi naye.