Mpiga Chapa Aliyelalamika Bila Kupitia kwa Anayelalamikiwa

Masumbwe, Wilaya ya Kahama
14 Agosti 1974

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za mtu aliyeonewa. Mimi ni Otmar Maige, karani wa utumishi katika jineri ya hapa, kiwanda cha kuchambulia pamba. Naomba nafasi gazetini mwako niwashitaki watu wanne walioidharau Taratibu ya Malalamiko ya kiwanda chetu. Niliitunga mwenyewe, kurasa kumi na moja, na mpaka juzi hakuna aliyewahi kuisoma hadi mwisho, nami nikiwemo.

1. Salvina, mpiga chapa wetu. Tarehe 9 Julai aliniletea barua kwamba meneja, Ndugu Marcel, alimwita kwenye ghala la marobota ya pamba, akafunga mlango, akamshika kiuno na kumwambia, "Ukinikubali utabaki ofisini. Ukinikataa utabeba pamba." Alijinasua, akatoka mbio na kiatu kimoja.

Nilimsikiliza kwa huruma yote inayoruhusiwa saa za kazi. Kisha nikafungua kifungu cha tano: kila lalamiko lipelekwe kwa meneja, atoe uamuzi. Nikalipeleka. Meneja aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Nimejichunguza. Sina kosa." Nikagonga muhuri: LIMEFUNGWA. Kesho yake Salvina akahamishiwa kubeba pamba. Ameshughulikiwa kwa siku moja tu, Ndugu Mhariri, na badala ya kushukuru akatumia mwezi mzima kuwasimulia wenzake!

2. Mama Limi, mkubwa wa akina mama wanaochagua pamba chafu. Jumatatu hii asubuhi alikaa juu ya robota, na wenzake ishirini na sita wakakaa. Mashine zikanyamaza. Niliwaendea na Taratibu mkononi, nikawasomea kifungu cha tano kwa sauti. Mama Limi akaniuliza, "Baba Donatus, ulipoibiwa baiskeli, ulikwenda kumwomba mwizi aamue?" Nilimjibu kwamba baiskeli ile haikuwa mali ya kiwanda. Walicheka mpaka meneja akafunga dirisha lake.

3. Afisa kazi aliyekuja jana kutoka Shinyanga. Nilimweleza kwa adabu kwamba kama Marcel alikosea, alikosea yeye Marcel, maana kiwanda hakina mikono ya kumshika mtu. Akanijibu, "Cheo alichomtishia nacho ni cha nani? Ghala ni la nani? Na barua yake mliifanyia nini? Mwajiri anahusika, ndugu. Meneja alifunga mlango wa kwanza, wewe ukafunga wa pili." Nilikusudia kumjibu, lakini kalamu ilinidondoka, na nilipoinama kuiokota sikuona sababu ya kuinuka haraka.

4. Mke wangu, Febronia. Tangu juzi hanipakulii chakula. Nilipomlalamikia akasema, "Andika barua. Unayemlalamikia ni mimi, basi niletee mimi. Nitajichunguza." Nimeandika, nakala tatu. Alijichunguza huku akila ugali na dagaa, kisha akanirudishia karatasi ikiwa imeandikwa kwa mkaa: LIMEFUNGWA. Barua hii naiandika kwa njaa.

Kwa hiyo naomba wananchi waelimishwe kwamba lalamiko zuri ni lile lisilomsumbua mtu. Kesho kamati ya wafanyakazi itakaa na afisa kazi. Meneja anasema hakuna shahidi, na asipopatikana, Salvina atafukuzwa kwa kumzulia mkubwa wake. Mimi nitaandika muhtasari, kwa mwandiko mzuri.

Wasalimie wote ofisini kwako, isipokuwa wapiga chapa, ambao ni afadhali wasiione barua hii.

Mtiifu wa kila kifungu,
Otmar Maige (Baba Donatus)

Nyongeza, 16 Agosti. Ndugu Mhariri, barua hii sikuwahi kuiposti. Usiichapishe. Au ichapishe yote, watu wamjue aliyeiandika.

Siku ile ya Julai nilikuwa ghalani, nyuma ya marobota, nimejilaza. Mlango ulipofungwa niliamka. Nilimsikia meneja akisema maneno yale yale, nikamsikia Salvina akisema "Niache" mara tatu. Nilijibana ukutani nikaomba wasinione. Ninaishi katika nyumba ya kiwanda, na nina watoto watano. Hiyo ndiyo sababu yangu. Nimeipima kila siku na kila siku imekuwa nyepesi zaidi.

Jana kamatini meneja aliuliza, "Shahidi yuko wapi?" Nikaweka kalamu mezani, nikasimama. Nilieleza yote, na usingizi wangu pia. Mama Limi alifunika uso kwa kanga. Salvina hakunishukuru. Alinitazama tu, akasema, "Siku thelathini na saba, Baba Donatus."

Marcel amesimamishwa kazi. Kiwanda kimemwomba Salvina radhi kwa maandishi na kumrudisha kwenye mashine yake ya chapa. Nami nimepewa onyo kali. Amelichapa Salvina mwenyewe, na halina kosa hata moja.