Taji la Majani la Binti Kifungo

Sogeeni, enyi wenye masikio, na mwenye kikombe akiweke chini, nipate kuwasimulia vita vya taji la majani, vilivyopiganwa barazani asubuhi ya Jumamosi baina ya Fundi Lifti na binti yake wa miaka miwili, aitwaye Kifungo.

Fundi huyo, mpandisha wazito maghorofani, mfungua milango iliyowakatalia wakubwa, alikuwa amerudi juzi tu kutoka kazi ya mbali ya miezi minane. Na Kifungo, kila amwonapo, hukimbilia nyuma ya gauni la bibi yake. Jambo hilo lilimchoma fundi kuliko waya wa umeme.

Basi akakata ukanda wa boksi, akakoroga gundi ya unga, akaokota majani mekundu na ya manjano, pamoja na unyoya mmoja wa njiwa. Kisha akasimama, akanena:

"Ewe binti wa nyumba hii! Njoo tubandike majani haya yawe taji, upate kutawala baraza na ua wote!"

"Sitaki," akajibu Kifungo kutoka ngomeni.

"Baba Kifungo," akasema yule bibi, mama mkwe wake, akichambua mchele, "mtoto haitwi kwa hotuba. Kaa chini, fanya yako."

Shujaa akatii, akaketi sakafuni, goti likilia kama bawaba kavu. Akabandika jani la kwanza. Upepo, adui asiye na haya, ukalichukua. La pili likakataa boksi, likakubali kiwiko. La tatu likaganda ndevuni, wala hakujua.

Gauni likatikisika. Jicho moja likachungulia. Nyayo ndogo zikavuka uwanja wa vita, zikasita, zikafika. Kifungo akatumbukiza mkono mzima katika bakuli la gundi, akaonja, akahukumu, "Mbaya!" kisha akaufuta kwenye suruali pekee safi ya baba yake.

Fundi hakuthubutu kupumua. Yeye aliyepata kuning'inia ghorofa ya kumi na mbili akipiga mluzi, sasa alilishika jani la mpera kama yai.

"Hili tuliweke wapi, mtukufu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapa. Na hapa. Na hapa."

Na "hapa" zote zilikuwa mahali pamoja. Majani kumi na moja yakarundikana upande mmoja, ukanda uliobaki ukawa jangwa. Wakalifunga taji kwa uzi. Kifungo akalivaa, likamshukia mpaka puani. Humo gizani akanyoosha mikono, akapapasa, akapata paja, akalipanda, akaketi.

"Baba," akasema, "sioni."

Mama mkwe akainamia mchele wake, akachambua palipokwisha chambuliwa.

Basi na iandikwe, wasomewe vilembwe: siku ile, saa nne kasorobo, Fundi Lifti alikaliwa. Mguu ukafa ganzi kuanzia nyonga hadi kidole gumba, naye hakuusogeza mpaka chakula kilipopakuliwa.