Uzi Mweupe kwenye Suruali ya Tembo Maridadi

Leo nimeadhirika. Tena ulingoni, mbele ya Ujiji nzima, na mama mkwe wangu kakaa safu ya mbele.

Mnaonijua mnajua mimi ni fundi cherehani hapa Kasingirima. Sare za shule, madera, mashuka, basi. Wiki iliyopita jirani yangu akaniletea kaka yake, Papa Ramazani, Mkongo aliyetoka kambi ya wakimbizi kwa kibali cha siku chache. Mzee wa miaka sitini hivi. Shingo hana, kichwa kimekaa juu ya mabega moja kwa moja. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, kisha akaniuliza kama naweza kushona suruali ya kubana, ya kijani, yenye vioo pembeni.

“Ya harusi?” nikauliza.

“Ya mieleka, Mama Zawadi. Mimi ndiye Tembo Maridadi.”

Akanihadithia huku kiti changu cha wateja kikilia chini yake. Kwao ng'ambo ya ziwa alipigana tangu kijana. Aliingia ulingoni na mwavuli na chupa ya marashi, na kabla ya kengele alimnyunyizia mpinzani, ili akianguka aanguke ananukia. Vita ilipofika akapanda boti na sanduku lenye mavazi kumi na moja. Katikati ya ziwa boti ikaanza kuingiza maji. Nahodha akasema mizigo itupwe.

“Nalitupa yote, moja-moja,” akasema. “Kule chini samaki banavaa kunipita mimi.”

Akacheka peke yake. Dada yake, yule jirani yangu, alikuwa anatazama sakafu.

Kambini alifundisha vijana mieleka mchangani, na kaptura ya msaada. Leo ndiyo ingekuwa mara yake ya kwanza kupanda ulingo tangu avuke. Mpinzani ni Nanga, kuli wa bandarini, nusu ya umri wake. Nikaona hii suruali si suruali tu.

Sasa vipimo. Mama mkwe wangu, Bi. Tatu, ni mjane, anaishi nami, na mchana hukaa mlangoni na tasbihi yake. Nilipoinua futikamba nielekee kwenye paja la Papa Ramazani, Bi. Tatu akakohoa. (Kikohozi kile nakijua. Hakina dawa.) Basi nikampa mzee futikamba ajipime mwenyewe nyuma ya pazia. Hata dakika haikuisha, akatoka.

“Kiuno thelathini na nne. Paja ishirini na mbili. Andika.”

Mbele yangu palikuwa na paja kama mgomba. Nikamtazama mzee. Nikamtazama Bi. Tatu. Nikaandika ishirini na mbili. (Niliongeza inchi moja kwa huruma. Moja.)

Leo alasiri uwanja wa shule umejaa. Bi. Tatu naye kaja, eti aone upuuzi unaopotezea watu muda. Tembo Maridadi akaingia na mwavuli, vioo vinamulika jua, kijani kinang'aa. Watu wakasimama. Nanga kanyunyiziwa marashi, anapiga chafya. Mimi machozi yananilenga, najiambia, Mama Zawadi, ile kazi ni yako.

Kisha mzee akachuchumaa kuwasalimu watu kama tembo.

Praaa.

Nyuma, kutoka kiunoni hadi gotini. Uwanja ukaangua kicheko. Nanga akashika kamba asianguke. Mwamuzi akatazama saa yake: “Dakika tano. Asipositirika, ameshindwa.”

Nikajifunika ushungi mpaka puani. Mzee, mwavuli umemsitiri nyuma, akaomba kipaza sauti.

“Fundi yangu iko hapa. Mama Zawadi, njoo.”

Sikusogea. Bi. Tatu akanigeukia.

“Si wewe unaitwa?”

“Mama, pale kuna watu.”

“Ulitaka pawe na nani, majini? Nenda ukamsitiri mtu.”

Nikapanda. Sindano huwa ninayo kwenye ushungi, ina uzi mweupe wa sare za shule. Nikapiga magoti nyuma ya Tembo Maridadi nikaanza kushona, simu zote za Ujiji zinanielekea. Mzee akainamisha kichwa kidogo, akasema polepole nisikie peke yangu:

“Usiogope, mama. Mimi ndiye nalidanganya. Vile vipimo ni vya siku za kwetu Baraka, mbele ya vita kufika.”

Nikashindwa kumkasirikia. Nikashona kwa haraka, mishono mikubwa kama ya gunia. Nikafunga fundo. Nikapapasa mfukoni.

Mkasi nimeacha nyumbani.

Uzi umenishika mimi na mzee, na mwamuzi kainua kengele. Akagonga. Tembo akapiga hatua mbele, nami nikaburutwa kwa magoti kumfuata. Ikabidi nifanye lile afanyalo kila fundi akikosa mkasi. Nikainama, nikaukata uzi kwa meno. Kwenye makalio ya mwanamume. Mchana kweupe.

Kelele zile nadhani zilifika Mwamgongo.

Mzee hakuthubutu kuinama tena, akapigana wima kama mlingoti. Nanga, amelegea kwa kucheka, akateleza mwenyewe, na Tembo Maridadi akamkalia kifuani mpaka ikahesabiwa tatu. Ameshinda. Watu wakambeba, na nikaona analia huku anapunga mwavuli.

Njia nzima kurudi nyumbani Bi. Tatu alitangulia mbele, anavuta tasbihi. Mimi nimeshajiandaa kurudishwa kwa wazazi. Tulipofika mlangoni akavua viatu, akavipanga, akatengeneza ushungi wake.

“Yule Mkongo,” akasema, “ana mke?”

Jamani, zile picha mlizonazo zifuteni, na msinicheke. Huenda nimemng'ata baba mkwe.