Masikio ya Kijerumani

Jumatatu, 10 Machi 2025

Siku ya kihistoria! Nimepata hedifoni. Si zile zinazoning'inia kwa wachuuzi wa stendi. Hizi zimetengenezwa Ujerumani, kwa mkono, vikombe vya mbao, mito ya ngozi laini kuliko kiti chochote nilichowahi kukalia. Jamaa mmoja anayesema anahamia Dar kakubali tubadilishane. Yeye kachukua spika zangu mbili kubwa za kibandani, mimi nikabaki na hedifoni. Masikini, hakujua anachokitoa! Nilijizuia kucheka mpaka akapotea na toroli.

Queen hakufurahi. Kwa faida ya vizazi vitakavyosoma shajara hii: Queen ni binti wa mjomba Yakobo, anasoma chuo, na sote tunaishi kwa Bibi hapa Mkolani. Aliuliza kibanda cha kuwawekea watu nyimbo kwenye simu kitawaitaje wateja bila spika. Nikamwambia mteja wa kweli hufuata ubora. Leo hakuja hata mmoja. Ubora unataka muda.

Jioni nikasikiliza nyimbo zangu za siku zote. Nimeshtuka! Wimbo nilioupenda miaka kumi, kumbe mpiga gitaa anapumua kwa pua. Nimeufuta. Nimefuta nyimbo mia nne.

Jumanne, 11 Machi

Habari nzito. Bi Mwanabaraka anafungua hoteli ufukweni, Kapripoint, na anatafuta mtu wa kumchagulia muziki. Hataki nyimbo za redioni. Anataka wasanii wanaojirekodi wenyewe, ambao watu hawajawachoka. Kazi ya kudumu, na chumba chenye dirisha la ziwani! Sharti moja tu: Jumamosi, siku ya ufunguzi, umlete msanii mpya aimbe. Tuko wawili tunaoiwania, mimi na Nestory wa kibanda cha ng'ambo ya barabara. Nestory! Mtu anayesikiliza muziki kwa simu iliyopasuka kioo.

Nina miaka thelathini na nne. Mama alifariki nikiwa mchanga, Bibi akanilea, na mpaka leo ndiye anayenipikia. Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote duniani. Ningependa siku moja Bibi aniage asubuhi nikienda mahali.

Saa nane mchana nikampata mtandaoni! Msanii anaitwa Ng'washi. Hana picha, hana maelezo. Wamemsikiliza watu arobaini na mmoja tu. Anaimba Kisukuma: jogoo wetu anawika kwa jirani, kwetu hakujakucha. Nywele zilinisimama. Hedifoni zikaniambia yaliyobaki. Umri, miaka ishirini na miwili. Hajaolewa. Nyuma ya sauti kuna mlio, shwaa, shwaa, polepole. Mawimbi! Binti wa kisiwani. Ni Ukerewe, sina shaka.

Queen aliniona natikisa kichwa, akaanza kuniambia jambo kuhusu wimbo huo. Nikainua kidole. Mtafiti hakatizwi.

Kisha nikavuka barabara kumtajia Nestory jina la msanii, ili aumie. Hakuumia. Aliliandika kiganjani.

Jumatano, 12 Machi

Nansio, Ukerewe. Nimevuka kwa meli na hedifoni kichwani, abiria wote wakinitazama kwa heshima. Nikaulizia binti Ng'washi sokoni. Muuza samaki mmoja, Suzana, akasema jina hilo ni la Wasukuma, na kwamba nimevuka maji bure. Akaomba asikie wimbo, huenda akaitambua sauti. Nikakataa. Alikuwa ametoka kupara sato.

Kurudi Mkolani, pigo! Kibandani kwa Nestory watu wamejaa mpaka barabarani. Muziki unatetemesha mabati. Nikasogea. Spika zangu! Na kibandiko changu bado kipo! Yule jamaa hakuhamia Dar. Aliishia ng'ambo ya barabara, akamuuzia Nestory. Nimeshtuka mpaka nikasahau kumtukana. Dunia hii haina watu.

Jumamosi iko karibu. Sijala vizuri. Bibi alileta ugali na maziwa mgando, nikamwonyesha kwa mkono aweke chini.

Alhamisi, 13 Machi

Bujora. Kama jina ni la Kisukuma, basi niende penye Usukuma wenyewe. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima anauza karanga karibu na makumbusho, anaitwa Rebeka. Nikampa shikamoo, nikamtajia jina. Akapiga makofi! Akasema zamani alikuwepo Ng'washi, mwimbaji wa kundi la ngoma. Siku za mashindano akifungua mdomo, watazamaji wa kundi la pili wanahama wote, wanabaki wapiga ngoma wanatazamana. Akaolewa, akaenda kuishi Mkolani. Sasa atakuwa bibi kizee.

Nikamshukuru, nikamweleza kwa upole kwamba natafuta binti, si kitu cha kuweka makumbusho. Isitoshe Mkolani ndiko ninakoishi. Angekuwepo msanii pale, ningeshindwaje kumjua? Wazee husahau mambo.

Ijumaa, 14 Machi

Siku moja imebaki. Nimekaa uani kuusikiliza wimbo upya, mara thelathini, kutafuta dalili. Nimegundua kwamba kuna mbuzi. Inasaidia kidogo.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake anasukasuka maziwa kwenye kibuyu, hatua mbili kutoka nilipo. Mdomo unacheza. Nadhani alikuwa ananisema. Hedifoni hizi ni maajabu! Kelele za nje zinakufa kabisa, sikusikia neno lake hata moja, nilimsikia Ng'washi tu. Na jambo la kushangaza, kibuyu cha Bibi kilikuwa kinakwenda sawasawa na mapigo ya wimbo. Nilishtuka jinsi muziki mzuri unavyomwingia hata mtu asiyeusikia.

Aligusa bega langu. Nikamwomba asogee na kibuyu chake, ananivurugia utafiti. Akasogea.

Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wanacheza mbele ya spika zangu. Jirani yetu Maulida akasimama ghafla katikati yao, akaonyesha kidole nyumbani kwetu. Baadaye Nestory akaingia uani na mfuko wa sukari. Nikajua amekuja kuniomba radhi, na nikageuka ukutani makusudi. Alipiga goti mbele ya Bibi, wakazungumza muda mrefu, akaondoka. Huo ndio uoga wa mtu mwenye hatia.

Jumamosi, 15 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu!

Nilikwenda Kapripoint bila msanii, ila na mpango. Wageni wangepokezana hedifoni, mmoja mmoja, wamsikie Ng'washi kwa ubora anaostahili. Bi Mwanabaraka akauliza, kwa wageni mia mbili, mgeni wa mwisho atasikia lini. Nikapiga hesabu. Jumapili, saa kumi na moja alfajiri. Akaniomba nikae.

Nestory akashika kipaza sauti, akamkaribisha Ng'washi. Akapanda Bibi.

BIBI! Kavaa kitenge cha kanisani, kibuyu mkononi. Nilidhani amepotea njia. Nikakimbilia jukwaani kumshusha kabla hajaaibika. Walinzi wakanishusha mimi.

Queen akanivuta pembeni. Akasema Ng'washi ndilo jina la Bibi tangu alipozaliwa. Yeye ndiye aliyemrekodi kwa simu, uani, Bibi akisukasuka maziwa, na amejaribu kuniambia tangu Jumanne. Mimi namwita Bibi. Majirani wazima wanamwita Mama Yakobo. Miaka thelathini na nne naishi katika nyumba ya mtu huyu, sikuwahi kuuliza anaitwa nani!

Nikamuuliza Queen kwa nini Bibi amenisaliti, akaenda na Nestory. Akasema Nestory alimwomba.

Bibi akaimba. Watu waliacha sahani zao. Wahudumu walisimama na trei. Ubeti wa mwisho, ambao haumo mtandaoni, akamtaja jogoo kwa jina langu, Yeremia, na kuninyooshea kidole. Vichwa mia mbili vikageuka. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nililia, sijui kwa aibu au kwa fahari. Sauti ile ilikuwa nzuri kuliko niliyoisikia wiki nzima.

Kazi amepewa Nestory. Pamoja na dirisha.

Jumapili, 16 Machi

Bibi hana kinyongo. Baada ya ibada alivuta kigoda karibu nami. Mimi mwenyewe nilivua hedifoni, nikaziweka mezani. Nikamwomba msamaha kwa jina lake. Akacheka, akasema hajaitwa hivyo na mtu wa nyumba hii tangu babu afariki.

Kisha akaniambia jambo. Upo wimbo mmoja ambao Queen hajaurekodi na hataurekodi. Mama yangu aliutunga akiwa na mimba yangu. Bibi alikuwa akinibeba mgongoni akiniimbia wimbo huo mpaka naacha kulia. Hajawahi kumwimbia mtu mwingine, na kifua chake siku hizi si cha kutegemea. Anataka kuniimbia sasa hivi, tukiwa wawili.

Nilitokwa na machozi waziwazi. Kumbe mama yangu aliimba! Kumbe iko sauti yake mahali! Nimekuwa mpumbavu, naandika bila kujificha, na kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Nikamshika Bibi mikono yote miwili, nikamsihi asubiri mpaka Alhamisi. Siku hiyo basi la Dar linaniletea amplifaya na kipaza sauti cha studio, nimevibadilisha na kibanda changu. Wimbo wa thamani namna hiyo huwezi kuusikiliza hivi hivi tu.

Bibi akauliza Alhamisi ni baada ya siku ngapi. Nne tu, nikamwambia. Akakohoa, akaingia ndani kujilaza.